Nani Anamtazama Mwamina?

Mwaka 2007, Yunusi na mke wake Hajra waliishi Nachingwea mjini, nyuma ya soko. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha biashara. Humo mlikuwa na televisheni, mashine ya gemu na mabenchi ya wateja. Vijana walikuja kucheza mpira, mbio za magari na ngumi, yote kwenye televisheni.

Msimu wa ufuta, Yunusi alikwenda shambani Marambo kuvuna. Hajra alikuwa mjamzito. Alibaki nyumbani kuangalia biashara. Kukaa tu kulimchosha. Asubuhi moja, kabla wateja hawajaja, alichukua pedi, kile kidude cha kushika mkononi chenye vitufe. Akajaribu kucheza. Alipigwa vibaya. Kesho yake akajaribu tena. Ufuta ulipokwisha kuvunwa, Hajra alikuwa anawashinda vijana wa mtaa mzima.

Vijana hawakufurahi. Katika gemu ya ngumi, wapiganaji karibu wote walikuwa wanaume wenye misuli. Wanawake walikuwa wawili tu. Mmoja alivaa vipande vya nguo visivyomsitiri. Mwingine hakupigana kabisa. Kazi yake ilikuwa kufungwa kamba na kulia mpaka mwanaume aje kumwokoa.

"Ukichagua mwanamke umeshapigwa," vijana walisema. Kijana akishindwa, wenzake walimwambia, "Unacheza kama demu."

Yunusi aliporudi kutoka shambani alicheka pamoja nao. Mlangoni alikuwa amebandika karatasi iliyosema wasichana hawaruhusiwi. Aliona ni kawaida ya biashara hiyo. Kwa Hajra alilegeza kidogo. Alimwambia, "Wewe cheza, lakini wateja wakiwapo ingia ndani."

Baada ya mavuno Hajra alijifungua mtoto wa kike. Wakampa jina la Mwamina. Bi Fatu, mama yake Yunusi, akaja kutoka Marambo kumhudumia mzazi. Alimkanda kwa maji ya moto. Alimpikia uji na kufua nepi. Yunusi hakugusa kazi hizo. Hakuna aliyemtuma, naye hakuuliza.

Hajra alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Mtoto alikuwa mdogo sana. Shingo yake ilikuwa laini. Hajra aliogopa kumwangusha. Aliogopa kumlalia. Akilala, alishtuka na kumgusa kifua kuona kama anapumua.

Kila asubuhi Bi Fatu alipokwenda sokoni, Yunusi alimwita mkewe. "Njoo tucheze kidogo, upumzishe akili."

Hajra alikaa mkekani. Alimlaza Mwamina mapajani na kumwekea ziwa mdomoni. Halafu akashika pedi kwa mikono miwili, macho kwenye televisheni. Mtoto alinyonya kidogo, akasinzia. Hajra akaendelea kucheza. Kwa siku nzima, huo ndio muda pekee ambao hofu ilimwacha.

"Mtoto wetu mtulivu," Bi Fatu alisema. "Baba yake alikuwa analia mpaka majirani wanauliza kuna nini."

Wiki ya kwanza ilikuwa inakwisha. Mchana mmoja, Hajra alifungua nepi ya mtoto akakuta ni kavu. Akakumbuka kwamba hata ile ya asubuhi ilikuwa na unyevu kidogo tu. Akamwita mtoto. Akamtekenya unyayo. Mwamina alifumbua macho nusu, akayafumba. Hajra akampa ziwa. Mdomo mdogo uligusa chuchu, lakini haukuikamata.

Akamnyanyua mtoto.

"Baba Mwamina," aliita, "njoo umwone mtoto."

Yunusi alikuwa chumba cha mbele. "Nakuja," alijibu.

Hajra akasubiri. Kelele za gemu ziliendelea. Akaita tena.

"Hajra, hii ni fainali," Yunusi alisema. "Nikiacha katikati nahesabiwa nimeshindwa. Mambo ya mtoto muulize mama."

Bi Fatu aliingia akifuta mikono. Alipomtazama mtoto, alisema neno moja kwa Kimwera.

"Amenyonya lini?" aliuliza.

"Asubuhi. Kidogo."

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Hajra aligeuza macho kuelekea chumba cha mbele.

"Naona kila kitu, mwanangu," Bi Fatu alisema. "Ile mashine ni ya wanaume. Mzazi akishika mambo ya kupigana, maziwa yanakauka. Ngoja nimkorogee mtoto maji ya sukari."

Bi Fatu akatoka kwenda jikoni. Hajra alibaki amesimama, mtoto mikononi. Je, ni kweli? Je, amemdhuru mtoto wake kwa mikono yake mwenyewe? Akajigusa kifuani. Maziwa yalikuwa yamejaa mpaka yanauma. Kanga yake ilikuwa imelowa. Maziwa hayajakauka, aliwaza. Basi mbona mtoto hapati?

Hakungoja maji ya sukari. Alitoka kwa mlango wa uani, akaenda nyumba ya jirani. Hapo aliishi Magreti, nesi wa kliniki ya mama na mtoto. Siku hiyo alikuwa nyumbani akianika mahindi.

"Dada Magreti, nisaidie kumwangalia mtoto."

Magreti alinawa mikono. Akampeleka mtoto kwenye mwanga. Alimbonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole. Akatazama macho, viganja, kisha nyayo.

"Tangu lini hataki kuamka?"

"Sijui. Tulidhani ni mtulivu."

"Amekuwa wa manjano mpaka nyayo," Magreti alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini alikuwa tayari anavaa viatu. "Mtoto mchanga wa manjano, asiyeamka kunyonya, hasubiri kesho. Twende hospitali sasa hivi. Usimpe maji wala kitu kingine. Baba yake yuko wapi?"

"Anacheza gemu."

"Kamwite."

Hajra alirudi nyumbani. Hakumwita mtu. Alipita katikati ya vijana, mtoto begani, akachomoa waya ukutani. Televisheni ikazimika.

"Hajra, una nini wewe?" Yunusi aliuliza.

"Mtoto wetu haamki."

Yunusi alimtazama Mwamina. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliweka pedi chini taratibu, kama mtu aliyeishiwa nguvu. Halafu akatoka mbio kuchukua baiskeli.

Hajra alipanda nyuma. Magreti na Bi Fatu walifuata kwa miguu. Njia ilikuwa na mashimo. Hajra aliweka kiganja kwenye kifua cha mtoto, lakini baiskeli ilitikisika na hakuweza kusikia pumzi.

"Simama," alisema.

Yunusi alisimama. Wote wawili wakainama. Kifua kidogo kilipanda na kushuka.

"Twende."

Hawakufika mbali. "Simama tena," Hajra alisema. Yunusi alisimama tena, jasho likimtiririka.

Hospitalini daktari alimpokea mtoto mara moja. Alitolewa damu kidogo kwa ajili ya vipimo. Aliwekwa chini ya taa ya kutibu manjano. Hajra alielekezwa kukamua maziwa yake kwenye kikombe safi. Nesi wa zamu akamnywesha Mwamina kidogo kidogo. Mara ya kwanza maziwa yalimwagika shavuni. Mara ya pili mtoto akameza.

"Mmefanya vizuri kuja leo," daktari alisema. "Tutamwangalia. Bado siwezi kuwaambia zaidi."

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa Hajra kichwani. Alitoka kupumua kidogo. Nje, kwenye benchi, walikuwa Yunusi, Bi Fatu na Magreti.

"Hajra," Magreti aliuliza kwa upole, "ukimnyonyesha huwa unatazama nini?"

"Televisheni," Hajra alisema. Machozi yakamtoka.

"Nilisema mimi," Bi Fatu alidakia. "Mwanamke na mashine ile."

"Mama, naomba nieleze," Magreti alisema. "Maziwa ya Hajra hayajakauka. Umeona kikombe kilivyojaa. Gemu haikaushi maziwa, hata mwanamke akicheza. Shida ni kwamba mtoto alikamata ncha ya chuchu tu. Anatakiwa afungue mdomo wazi, aingize na sehemu kubwa ya ile nyeusi inayozunguka chuchu. Tumbo lake liguse tumbo la mama. Mama asipomtazama, hawezi kujua kama anameza au anasinzia."

"Lakini hakulia," Hajra alisema.

"Mtoto mchanga aliyeishiwa nguvu halii. Analala. Ndiyo maana tunamwamsha anyonye, mchana na usiku, mara nane au zaidi. Na tunaangalia nepi. Nepi kavu inatuambia hapati maziwa ya kutosha. Asiponyonya, akiwa wa moto au wa baridi, akipumua haraka, akipata degedege, unakimbia hospitali. Na maji ya sukari, mama, hapana. Yanamjaza tumbo na hayamlishi. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake."

Bi Fatu aliinamisha kichwa. "Watoto wangu nimewapa maji wote."

"Zamani hatukuelezwa," Magreti alisema. "Hata mama yangu alitupa."

Kisha Magreti akasema, "Kuna jambo jingine. Wote mnamuuliza Hajra alikuwa anafanya nini. Yunusi alikuwa kwenye gemu hiyo hiyo, na kwa muda mrefu zaidi. Yeye nani amemuuliza?"

Bi Fatu alimtazama mwanawe. "Yunusi ni mwanaume," alisema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

"Baba hanyonyeshi," Magreti alisema. "Lakini anaweza kumwamsha mtoto. Anaweza kubadili nepi na kuona kama ni kavu. Anaweza kumweka begani amcheulishe, mama alale. Hajra amelala lini vizuri?"

Yunusi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Aliniita," alisema. "Aliniita mara mbili. Nikamwambia ni fainali."

Akainua uso.

"Kwenye chumba changu cha gemu wanasema kila siku mwanamke hawezi," Yunusi aliendelea. "Wanasema mwanamke ni wa kufungwa kamba na kuokolewa. Nilidhani ni gemu tu. Lakini nimeyazoea. Leo mke wangu ndiye aliyekimbia kumwokoa mtoto, mimi nimekaa."

"Gemu imetengenezwa na watu," Magreti alisema. "Wao ndio waliochagua mwanamke avae vile na kulia vile. Mtoto akiona hivyo kila siku anaamini ndivyo dunia ilivyo. Wa kiume anajifunza kudharau. Wa kike anajifunza kujidharau. Mashine si adui yenu. Mzazi atazame mtoto anacheza nini, na amwambie lipi si kweli."

Mlango ukafunguliwa. Wote wakasimama. Nesi wa zamu alimwita Hajra peke yake, naye akaingia.

"Ameamka," nesi alisema. "Anatafuta ziwa."

Safari hii Hajra hakutazama kitu kingine. Alimgeuza mtoto kama alivyoelezwa. Mdomo ukafunguka wazi, ukakamata. Akaanza kusikia sauti ndogo ya kumeza.

Walikaa hospitalini mpaka manjano yalipopungua na daktari akawaruhusu. Walirudi nyumbani wakiwa bado na wasiwasi. Hajra alihesabu nepi. Yunusi alimwamsha mtoto hata alipokuwa ametoka kunyonya, mpaka Bi Fatu akamwambia, "Mwache basi alale kidogo." Siku za kwanza Yunusi alifunga nepi zikawa zinadondoka. Bi Fatu alimwonyesha namna ya kukunja.

Wakakubaliana jambo moja. Mtoto akinyonya, televisheni inazimwa. Wateja walilalamika, kisha wakazoea. Karatasi ya mlangoni Yunusi aliibandua mwenyewe. Dada wa kijana mmoja, msichana aitwaye Marietha, akawa wa kwanza kuingia. Siku hiyo kijana mmoja alipigwa na mwenzake, na wenzake wakaanza, "Unacheza kama..." Yunusi aliwakatiza. "Hapa sitaki neno hilo. Aliyeshindwa ameshindwa, basi." Ile gemu ya mwanamke wa kufungwa kamba aliitoa. Alileta nyingine kutoka Masasi, ambayo wanawake na wanaume hukimbiza magari sawasawa. Jioni, Mwamina akishiba, Yunusi alimbeba, na Hajra akacheza na vijana bila kuingia ndani.

Siku ya kupima uzito ilipofika, Hajra alikuwa amechoka. Yunusi alimfunga mtoto kifuani kwa kitenge, akaenda kliniki. Kwenye foleni walikuwa wanawake watupu. Walimtazama, wengine wakanong'onezana.

"Mama wa mtoto anaumwa?" mmoja aliuliza.

"Haumwi," Yunusi alisema. "Amenyonyesha, sasa amelala."

Magreti alimweka Mwamina kwenye mizani. Akatazama, akatazama tena ili kuhakikisha. "Ameongezeka vizuri," alisema.

Yunusi alirudi nyumbani karibu anakimbia. Hajra alikuwa amesimama mlangoni, macho barabarani. Hakuwa amelala hata kidogo.

"Wamesemaje?" aliuliza kabla mumewe hajafika.

"Ameongezeka. Magreti ameangalia mara mbili."

Hajra aliketi kizingitini. Akaweka kiganja kifuani pake mwenyewe. Halafu akamwambia mumewe, "Basi mshike kidogo zaidi. Sasa ninaweza kulala."