Begi la Nakijwa na Bawa la Shangazi

Kaeni vizuri. Anayetaka kupiga miayo apige sasa, amalize.

Nakijwa ana miaka sita. Anaishi kwa Bibi, juu kwenye mteremko wa mashamba ya tangawizi. Anajua kila kitu. Muulizeni mwenyewe, atawaambia.

Shangazi yake, Mbonea, anaruka kwa bawa. Bawa ni kitambaa kikubwa na mabomba. Unajifunga chini yake. Unakimbia, unakimbia, halafu mlima unaisha. Eti ni raha.

Leo Shangazi anakwenda kulala kwenye hema, juu kileleni. Kesho asubuhi ataruka. Nakijwa hajawahi kumwona akiruka. Anataka kwenda. Anataka mpaka uji wa asubuhi umemshinda.

"Sharti ni moja," alisema Shangazi. "Gari halifiki kileleni. Kila mtu anabeba mzigo wake. Beba begi lako, zunguka nyumba mara tatu. Ukishindwa, unabaki na Bibi."

"Mara tatu tu?" alisema Nakijwa. "Mimi hata mara mia."

Naam. Mara mia.

Nakijwa akafungua begi lake la mgongoni. Akatia sweta. Akatia tochi. Hapo angeacha.

Hakuacha.

Akatia pasi ya mkaa. Dum.

"Pasi ya nini?" aliuliza Bibi.

"Kitu kidogo tu hiki, Bibi. Kinaingia."

Bila shaka. Huko mawinguni hawampokei mtu mwenye nguo zilizokunjamana.

Akatia kinu cha kutwangia tangawizi. Akatia na mchi. Dum, dum.

"Na kinu?" aliuliza Bibi.

"Kitu kidogo tu hiki, Bibi. Kinaingia."

Akatia jiwe. Dum.

"Mjukuu wangu, mlimani hakuna mawe?"

"Yapo, Bibi. Lakini hili ni langu."

Mwenye akili huyo.

Akamtia na jogoo. Jogoo akatoka mwenyewe. Jogoo naye ana akili, tena zaidi.

Begi likanenepa. Likawa kama chura aliyemeza chura mwenzake.

Nakijwa akalivuta kwa mikono miwili. Kru, kru, kru.

"Unabeba au unafagia uwanja?" aliuliza Bibi.

"Nabeba."

Kru, kru... kru.

Akafika mlango wa jikoni. Hatua nane. Akakaa chini. 

"Begi si zito," alisema. "Nyumba ndiyo kubwa."

Mara akatokea Shangazi. Amebeba bawa begani, limekunjwa, refu kama mti wa kujengea. Naye anazunguka nyumba. Sharti ni la wote.

Akafika kwenye kona. Kichwa cha bawa kikapita. Mkia ukabaki nyuma. Ngo! Ukagonga ukuta.

Akarudi nyuma. Akajaribu tena. Ngo! Kuku wakatawanyika, puruu.

"Shangazi," alisema Nakijwa, "unapita mawinguni, halafu kona ya nyumba inakushinda?"

"Mawinguni hakuna kona, shangazi," alijibu Shangazi; wao huitana hivyo.

"Na njia ya kileleni?"

"Ina kona tele. Nikipata wa kushika mkia, napita. Nisipopata, sisi sote tunalala hapa hapa."

Wote wawili wakamtazama Bibi.

"Msinitazame mimi," alisema Bibi. "Mgongo wangu umestaafu."

Nakijwa akasimama. "Nitashika mimi."

"Kwa mikono ipi?" aliuliza Shangazi.

Nakijwa akaitazama mikono yake. Wa kulia uko kwenye begi. Wa kushoto uko kwenye begi. Akageuka huku na huku. Mkono wa tatu hakuuona.

 

Halafu akafungua begi. Akatoa kinu.

"Kitu kikubwa hiki, Bibi. Kinatoka."

Akatoa mchi. Akatoa pasi.

"Kitu kikubwa hiki, Bibi. Kinatoka."

Jiwe akalishika muda mrefu. Akampa Bibi. "Nilindie. Watu wasiliibe."

"Sitalala," alisema Bibi.

Begi likapanda mgongoni, jepesi. Mikono miwili ikashika mkia wa bawa.

"Kona," alisema Shangazi.

"Kona," alijibu Nakijwa. Akausogeza mkia, taratibu. Fyuu. Hakuna ngo.

Mara ya kwanza, fyuu. Mara ya pili, fyuu. Mara ya tatu, fyuu, na jogoo nyuma yao kama mkaguzi.

"Tatu," alisema Shangazi. "Zile nyingine tisini na saba?"

"Nimekusamehe," alisema Nakijwa.

Wakapanda mlima. Kona, fyuu. Kona, fyuu. Jua lilipozama, hema lilikuwa limesimama kileleni. Upepo ukalipuliza: fuu, fuu. Huko chini, taa za vijiji zilikuwa ndogo kama punje za mtama.

Nakijwa akajisogeza karibu na Shangazi. Karibu zaidi. Karibu zaidi tena.

"Unaogopa upepo?" aliuliza Shangazi.

"Mimi? Upepo ndio unaogopa. Nimekuja kukulinda wewe."

"Ahsante, shangazi. Nilikuwa na wasiwasi sana."

"Kesho nitakuona ukiruka," alisema Nakijwa. "Halafu nikikua, nitaruka mwenyewe. Nitaruka juu kuliko... kuliko..."

Kuliko nani, hatujui. Alishalala.

Hadithi nayo imejifunika shuka. Ingieni nanyi, mlale.