Gari Halikulala

Jamani, msidhani shaka huingia nyumbani ikiwa na pembe kichwani ili watu waikimbie. Kwa Bwana Hakiki iliingia kimyakimya, baada ya Jumamosi moja ambayo watu walikuwa mezani kwa raha zao, chai mkononi na daftari katikati.

Hakiki si jina la kuzaliwa. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, na neno hilo halikumbanduka mdomoni tangu anaingia kazini mpaka anatoka. Asubuhi hiyo alikuwa akiwaonyesha mkewe, ambaye ni mshonaji, na binti yao wa miaka tisa, mpango wa gari lake. Lilikuwa gari dogo jekundu la milango miwili, nyuma limekatwa wima, lililotengenezwa kabla yeye hajaanza kunyoa ndevu. Vijana wa enzi zake walilitolea macho likipita. Sasa alikuwa nalo, bovu lakini lake, na daftarini alikuwa ameliandikia kila kitu: kabureta mbili, springi fupi na ngumu, viti vyepesi, matairi mapana kiasi. Hakutaka gari la mashindano. Alitaka gari la kwenda nalo kazini Jumatatu, na Jumapili likimbie mpaka mwenyewe acheke peke yake.

Mtengenezaji alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi mwenye gereji mtaa wa pili. Fundi, naye akiwa pale mezani, alilisoma daftari, akatabasamu, akachukua kalamu na kuandika "breki" juu kabisa ya orodha. Alisema kinachokimbia lazima kijue kusimama. Wote wakakubaliana. Kupanga si dhambi, ndugu zangu, na mpango ule ulikuwa mzuri.

Lakini mtu wa stoo ni mtu wa stoo. Kila kifaa alichonunua alikitia alama mbili za rangi ya njano, moja ya wazi na nyingine ya kificho, kama alivyozoea kazini, ili mwizi akifuta moja asiijue ya pili. Springi alizitia alama ubavuni, na tena kwenye ncha ya juu inayojificha ndani ya kikombe cha chuma kinachoishikilia. Wiki ya tatu ya kazi, gari liliporudi nyumbani jioni kama kawaida, alichungulia chini yake, akaona springi nyeusi tii, hazina hata tone la njano.

Sasa angeuliza, si ndiyo? Angeambiwa kwamba fundi hupangusa kila kifaa kwa petroli akishakifunga, na rangi yake ilikuwa haijakauka vizuri. Hakuuliza. Na ile alama ya pili, ambayo aliiweka kwa kazi hiyo hiyo, hakuomba afunguliwe aione. Alikuwa ameshahukumu.

Kuanzia hapo akawa anatokea gereji bila taarifa, anainama chini ya magari ya watu kutafuta springi zake. Shemeji akimkaribisha kwa furaha, yeye anaona furaha imezidi. Akinyamaza, ana la kuficha. Nyumbani nako kukaharibika. Mke akipokea simu ya kaka yake, Hakiki anapunguza sauti ya redio asikilize. Mke akiingia sebuleni, daftari linafungwa. Mama wa watu alivumilia weee, mwisho akamuuliza waziwazi kama anamwona kaka yake ni mwizi.

"Mimi sijasema," alijibu Hakiki. "Ila damu nzito kuliko maji, na damu yako iko kule."

Neno hilo lilimchoma. Alirudi kwenye cherehani yake, na tangu siku ile wakawa wanazungumza mambo ya chumvi na sabuni tu.

Ikafika siku ya breki. Fundi alifunga paipu mpya, akatoa hewa, akakanyaga pedali mara nyingi, akaridhika. Lakini alikuwa na desturi ambayo hakumvunjia mtu yeyote, hata mama yake mzazi: gari lililofunguliwa breki lazima lilale gereji. Hutandika maboksi makavu chini ya magurudumu, na asubuhi hutazama kama kuna tone la mafuta. Nati mpya, alieleza, inaweza kukubali jioni ikakataa asubuhi.

"Liache lilale, shemeji. Kesho saa moja njoo ulichukue."

Hakiki akashika funguo. Lilale? Peke yake, na vifaa vyake vyote, mikononi mwa huyu? Alisingizia safari ya mapema. Fundi alimsihi, akasimama hata mbele ya gari, lakini utamnyang'anyaje mtu funguo za mali yake? Mwisho akamwambia dirishani atazame chini asubuhi kabla hajaliwasha.

Asubuhi hakutazama chini. Alifungua boneti, akahakiki kabureta, plagi na betri, kimoja kimoja, daftari mkononi. Binti akaingia na begi lake la shule. Walipotoka getini pedali ilikuwa laini, ikazama kidogo kabla ya kushika. Gari lilikuwa linamwonya, jamani. Yeye akasema moyoni: kumbe hata breki amenifungia za zamani, leo nimempata. Badala ya kugeuza akashika njia ya gereji, akipanga maneno ya kumwambia mwizi wake, na njia ya gereji ni mteremko mtupu.

Katikati ya mteremko pedali ilikwenda mpaka sakafuni. Alivuta breki ya mkono, gari likayumba, likajibamiza kwenye ukuta wa mawe, upande wa mtoto.

Watu walisaidia kumtoa, mguu umevunjika mahali pawili. Gurudumu la mbele lilikuwa limeng'oka, na springi yake imelala barabarani. Hakiki aliiona huku amembeba binti yake anayelia. Kwenye ncha ya juu alama ya njano ilikuwa palepale alipoipaka.

Hospitali fundi alifika mbio, akitokea kulikagua gari pale ukutani, mikono ina grisi bado. Hakiki alimwambia kwamba ameiona alama. Mwenzake hakuelewa alama gani.

"Ilikuwa nati moja, shemeji," alisema tu. "Ililegea robo mzunguko. Ningeiona asubuhi."

Hapo Hakiki alilia mbele za watu, na mkewe hakumshika mkono.

Miezi mitano imepita. Mtoto anatembea kwa gongo. Mke amesamehe kwa mdomo. Ya moyoni anayajua mwenyewe. Juzi Hakiki aliazima gari la jirani ampeleke binti kliniki, akamfungulia mlango. Mtoto hakuingia.

"Baba, mjomba ameliangalia?"

"Bado, mwanangu. Lakini ni zima."

"Basi mpigie kwanza."

Akampigia. Walisubiri kibarazani, baba na mtoto, mpaka fundi alipokuja.

FUNZO

Ndugu zangu, kuhakiki si kosa. Kosa ni kuhakiki nusu, ukaacha ile nusu inayoweza kumsafisha mwenzako. Ukimshuku ndugu yako, muulize usoni, kisha usikilize jibu. Na mwenye kazi yake akikuambia subiri, subiri. Haraka yako haikazi nati. Mfupa wa mtoto yule umeunga. Imani yake kwa baba yake, mimi ninayewasimulia sijui itaunga lini.