Mikono Nyuma ya Bibi Harusi

Apa kwanza. Apa kwamba hili halitoki mdomoni mwako, hata mumeo asilisikie, maana sote tuliokuwepo tuliapishwa, na nimekaa nalo siku mbili nzima mpaka tumbo limenivimba. Umeapa? Haya, sogea.

Unamjua Bi Flashi, yule mpiga picha mwenye studio juu ya duka la vitambaa. Mdogo wake, Kipusa, alikuwa anaolewa, na Bi Flashi akataka picha za kabla ya harusi azipige kwa mkono wake mwenyewe. Akazipiga mbichi. Picha mbichi, kwa usiyejua, ni ile ambayo kamera haijaichezea: imepauka, haimvutii mtu, lakini imeshika kila kitu, mpaka kilichomo gizani. Ya kupikwa, kamera inaipika yenyewe humo humo ndani: inalainisha uso, inakoleza rangi, na giza inaliacha jeusi tii. Kilichokuwemo gizani kinatupwa, na hakirudi tena.

Saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, Bi Flashi alikaa kwenye kompyuta akaanza kuinua mwanga wa picha. Nyuma ya kiti cha Kipusa kulikuwa na pazia. Kwenye mkunjo wa pazia, vidole.

"We Kipusa, nani alikuwa nyuma yako?"

"Labda yule mchumba wangu wa kwanza, kaja kuomba msamaha." Kipusa akacheka, huku anajikanda shingo. "Dada, shingo inanikaza tangu jana."

Picha ya tano, vidole vimetoka kwenye pazia. Ya kumi na mbili, mikono miwili mirefu imefika mabegani. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Hapo Bi Flashi akafanya kosa la watu wa kazi yake, ambao kisichopendeza hukifuta. Akafuta zote bila kusema neno, akageuza kamera ipike yenyewe, akampiga mdogo wake upya. Lo, zilitoka! Kipusa anang'aa, nyuma yake giza safi. Akajiambia yameisha.

Hayakuisha. Sauti ya Kipusa ikaanza kukauka, maji hayapiti. Bi Flashi akakimbilia kwa mganga mmoja, kizee asiye na masihara, akamweleza habari ya mikono, akamwekea zile picha nzuri. Mganga akazisukuma.

"Hizi umenipambia. Huyo aliyemshika mdogo wako, mimi namtoa nikishaona kashika wapi. Nionyeshe mapema, mwanangu. Mikono hiyo ikikutana kooni, usinifuate tena."

Akarudi studio mbio, akaweka kamera kwenye mbichi, akabonyeza, na kabla mlio haujaisha kamera ikajirudisha yenyewe kwenye kupika, akaweka tena, ikajirudisha tena, na kila ikijirudisha ile harufu ya nywele inazidi na pazia linavuta pumzi ingawa madirisha yamefungwa, mpaka Bi Flashi akachoka kubonyeza, na Kipusa pale kitini anamtazama tu, akingoja aambiwe atabasamu.

Akabakiwa na mtu mmoja: Mjomba Waya, wa video, aliyekuwa safarini mpaka siku yenyewe ya harusi. Kamera yake hupiga kijivu, ndiyo mbichi ya video, rangi huwekwa baadaye.

"Mjomba, nakuomba," alimnong'oneza mlangoni mwa ukumbi, mchana kweupe. "Piga kijivu chako. Mganga yuko mstari wa mbele, mwonyeshe kwenye kioo kidogo cha kamera. Yeye peke yake."

"Nimekusikia, mama."

Kumbe waya wa kamera Mjomba alishauvuta mpaka ukutani, kwenye turubai kubwa, wageni wote waone. Picha ilipotokea, wakapiga kelele. "Mjomba, bibi harusi mbona kama maji ya kufulia?" Mzee wa watu akaona aibu. Akainua mwanga na rangi.



Kitini, Kipusa yuko peke yake, anatabasamu. Ukutani, mikono miwili mirefu imelizunguka koo lake na vidole vimefumana, na nyuma ya bega lake uso mwembamba, usio na nyusi, ukainuka polepole kuwatazama wageni mmoja mmoja, kama mwizi aliyemulikwa mkono ukiwa bado ndani ya sanduku la watu. Ila mwizi angekimbia, na huyu hakuona haya hata chembe, wala hakuachia.

Mganga alikuwa ameshasimama. Akavitazama vile vidole. Akakaa tena, akaufunga mkoba wake.

Kipusa akageuka, akajiona ukutani. Sauti ikamtoka nyembamba kama uzi.

"Dada. Ulikuwa unajua?"

Macho yote yakamhamia Bi Flashi. Akafungua mdomo, na kule ukutani, mbele ya watu wote, vidole vikakaza.