Kikohozi cha Karani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zipora alifagia jiko, akapuliza moto, kisha akapanda darini kugeuza mahindi yaliyokaushwa kwa moshi. Paka wao, Karani, alimtangulia ngazini. Enzi hizo za Mwingereza, pale kijijini Suji, nyumba isiyo na paka iligawana mavuno yake na panya.

Msimu mmoja wa mvua Karani alianza kukohoa. Alichuchumaa, akanyoosha shingo na kupumua kwa shida.

"Ni moshi huo," alisema mama yake, Ernesta. "Alale nje."

Karani akahamishiwa migombani. Chakula hakupewa, kwa kuwa watu waliamini paka aliyeshiba hawindi. Badala ya kupona, alikonda hadi mbavu zikaonekana. Kisha mdogo wake Zipora, Gideoni, naye akakohoa.

"Kifua kikuu hicho!" mama aliogopa. "Siku ya gulio baba yako atamchukua paka huyu akamwache nyikani."

"Mama, Bwana Mifugo, yule mganga wa wanyama kutoka mjini Same, amepiga hema karibu na kanisa. Nikamuulize kwanza?"

"Nenda. Lakini akisema ni kifua kikuu, usinililie."

Zipora alimbeba Karani hadi hemani.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Ng'ombe wako yuko wapi?"

"Nimeleta paka."

Wenye ng'ombe walicheka. Bwana Mifugo hakucheka. Zipora alipomweleza kikohozi cha paka na cha Gideoni, alisikiliza kifua cha Karani, kisha akasema, "Kesho niletee kinyesi chake kibichi."

Kesho yake Zipora alikifunga kinyesi katika jani la mgomba. Njiani akakutana na Kaanaeli, mwenzake wa darasani.

"Umebeba kiporo gani? Tuonjeshe!"

"Karibu," alisema Zipora, akafungua jani. Kaanaeli alitimua mbio.

Bwana Mifugo alikifunga kinyesi kwa kitambaa chepesi, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu. Asubuhi iliyofuata, Zipora aliporudi, Bwana Mifugo alichukua tone la maji ya chini, akaliweka kwenye hadubini.

"Chungulia."

Zipora aliona vijinyoo vyembamba vikijipinda.

"Ni minyoo ya mapafu. Huanzia kwa konokono. Mjusi au panya humla konokono, na paka akimla mnyama huyo huambukizwa. Haiwaingii watu; mdogo wako apelekwe zahanati. Karani analala wapi?"

"Migombani."

"Anakula nini?"

"Anachokikamata." Zipora akainamisha kichwa. Migombani konokono walijaa tele.

"Dawa yake sina. Ila paka wengi hupona wakitunzwa. Akae ndani, ale vizuri, apumzike."

Zahanati walisema Gideoni ana mafua tu, naye akapona upesi. Karani alirudishwa ndani; alichelewa kupona, lakini Zipora hakuchoka kumlisha. Mvua zilipokwisha, kikohozi kilikuwa kimekoma.

Jioni moja panya walisikika darini. Mama alimwekea Karani samaki mkavu, akamtazama akila.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikisia tu, na nilikaribia kumuua. Tangu leo, akiugua mtu au mnyama hapa, tutatafuta kwanza chanzo cha ugonjwa kwa wanaojua."

Karani alilamba bakuli, akajinyoosha. Kisha, tumbo likiwa limejaa, akapanda ngazi kwenda kuwinda.