Inavuta Hewa Wapi?

Jua lilikuwa linazama, nimeshafunga mlango mmoja wa gereji, nataka kwenda kulala tu, kaka yangu akaingia na lile gari kuukuu alilolinunua majuzi. Siti ya nyuma alikuwemo mama yetu, amejifunika blanketi, anahema kwa shida.

"Nampeleka hospitali, linataka kunizimikia njiani," akasema kaka. "Nikisimama linatetemeka. Nikikanyaga mafuta linasita kwanza. Fanya haraka, mdogo wangu."

"Mwenye haraka angepanda ndege."

Mama akacheka kidogo. Kicheko kikaishia kwenye kikohozi, nami nikajuta. Mgongo uliniuma, lakini nikafungua boneti.

Plagi safi. Nyaya nzima. Nikarushia maji kwenye mipira yote ya hewa, maana penye tundu mlio hubadilika. Wapi!

"Aliyekuuzia alisemaje?"

"Hakusema kitu. Alilisukuma mpaka kwangu." Kaka akashusha sauti. "Hakutaka kulipanda."

Ningekuwa na nguvu ningeuliza zaidi. Nilichoka mno. Nikafanya ujanja wa mafundi wa zamani: nikatoa kichujio cha hewa, nikaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Injini ikikosa hewa, huzima. Isipozima, ujue inaiba hewa pengine.

Haikuzima.

Ilitulia... ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Harufu ya petroli ikapotea. Ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ile anayojipaka Mama kifuani. Ilitoka kwenye injini.

"Umepatia!" kaka akashangilia.

Kisha nikasikia kucha zikikwaruza kioo.

Mama!

Mdomo wazi, macho yamemtoka, kifua hakipandi. Nikaondoa mkono. Injini ikaanza kutetemeka tena, na Mama akavuta pumzi, moja, ndefu, yenye mlio.

"Mwanangu," akanong'ona, "usizibe tena."

Nikazima gari, nikatia ufunguo mfukoni. Tukambeba Mama hadi kwenye benchi nje. Niliogopa, sifichi. Uso wake ukaanza kupata rangi. Jirani mwenye pikapu akakubali kutupeleka hospitali, akaenda kuileta.

"Kumbe tangu linunuliwe ndiyo anazidiwa," nikasema. "Kila ukimpeleka nalo hospitali, anarudi hoi."

Kaka alikuwa anapapasa mifuko.

"Dawa zake zimebaki kwenye siti."

"Ziache!"

"Atalala na nini leo? Nachukua tu, narudi." Akakimbilia ndani.

Nilikuwa nimemshikilia Mama, sikuweza kumfuata. Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa. Ukafungwa.

Nikamsubiri atoke.

Nikapapasa mfuko wangu. Ufunguo ulikuwemo.

Ndani ya gereji, injini ikawaka.

"Kaka!" nikaita. "Kaka, toka humo!"

Mama akanibana mkono. Kule ndani, kucha zikakwaruza kioo. Injini ikapandisha mlio, laini, bila kusita hata kidogo.