Unywele Mmoja wa Upinde

Kila siku kabla ya kwenda shule, Chiriku alipiga fidla katika chumba ambamo mama yake alishona nguo. Chumba kilikuwa kimoja na wenye kazi walikuwa wawili, kwa hiyo walipeana zamu. Cherehani ikinyamaza, fidla ilianza. Fidla ikinyamaza, cherehani ilinguruma. Jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya domo lake. Wateja waliokuja kupimwa nguo walitoka wakiwa na habari za mtaa mzima, watake wasitake.

Msimu ule hata domo lilipata likizo. Yalikuwa yanakuja mashindano ya kimataifa ya fidla kwa wanamuziki vijana, na mwalimu wake wa muziki alikuwa amemwandikisha. Mwalimu huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mkali kidogo, ambaye watu walimwamini sana. Akisema mtoto anajua kupiga, basi anajua, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Alikuwa na tabia ya kufumba macho anaposikiliza muziki, na hakuyafumbua mpaka sauti ya mwisho ipotee.

"Sharti lao ni moja," alimwambia Chiriku. "Unarekodiwa video, mwanzo hadi mwisho, bila kukatakata. Ukikosea, unarudia wimbo wote. Na mimi ndiye shahidi wako. Jina langu linakwenda pamoja na lako."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Ningekuwapo, ila nina mtihani wa kusimamia. Binamu yako atakurekodi. Sina shaka nawe."

Binamu yake alikuwa fundi simu, kijana mwenye mikono myepesi na maneno mepesi zaidi. Siku ya kurekodi walijifungia katika ukumbi wa shule. Wakati wenyewe ulikuwa umewatupa mkono, kwani siku ya mwisho ya kutuma video ilikuwa kesho yake.

Mara ya kwanza Chiriku alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga. Unywele mmoja wa upinde, ule ufito wa kupigia fidla, ulikatika mapema, ukabaki unaning'inia kwenye ncha, lakini hakujali, maana nywele za upinde hutoka kwenye mkia wa farasi na kukatika ni kawaida yake. Kila kitu kilikwenda sawa hadi karibu na mwisho, pale vidole vinapopanda juu kabisa ya uzi kwa kasi. Hapo vikateleza. Sauti iliyotoka ilimkunjisha uso hata binamu, ambaye hakujua muziki wowote.

Chiriku aliukata ule unywele kwa meno, kama mama yake anavyokata uzi, akaanza upya. Akakosea tena. Akarudia, akarudia, mkono ukawa mzito na shingo ikauma. Hatimaye alipapita pale pagumu salama, lakini mwanzo wa wimbo safari hiyo ulikuwa umepooza kabisa. Nje, mlinzi wa shule alikuwa ameanza kutikisa funguo.

"Sikiliza, mdogo wangu," binamu alisema. "Hapa katikati ya wimbo pana kimya. Unainua upinde, unatulia, halafu unaendelea. Nikichukua mwanzo wa ile ya kwanza na mwisho wa hii ya sasa, nikaviunga hapo kwenye kimya, nani atajua?"

"Mwalimu amesema tusikate."

"Kwani tunakata? Tunaunga. Na vyote umepiga wewe, hukuiba kwa mtu."

Chiriku, ambaye hajawahi kukosa la kusema, safari hii alikosa. Alifuta fidla yake, akaifunga kwenye sanduku. Binamu akachukua kimya hicho kuwa jibu.

Siku iliyofuata mwalimu aliisikiliza video kwenye simu, macho yamefumbwa, mikono kifuani. Ilipokwisha alifumbua macho. "Hivi ndivyo," alisema taratibu. Kisha akatia saini kwamba video haikukatwa, ikatumwa.

Majibu yalikuja shule ikiwa karibu kufunga. Chiriku alikuwa amechaguliwa kwenda nje ya nchi kwa raundi ya mwisho. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mwalimu mkuu hakutaka kupitwa na furaha hiyo, akawakusanya wanafunzi wote ukumbini, akaionyesha video kwenye ukuta mweupe, kubwa kuliko mlango.

Chiriku alikuwa hajaiona isipokuwa kwenye kioo cha simu. Sasa alijiona ukutani akiwa jitu, na kwenye ncha ya upinde wake ulining'inia unywele, mrefu kama kamba, ukipepea kila upinde ulipokwenda na kurudi. Kikafika kile kimya. Chiriku wa ukutani aliinua upinde, akatulia, akaushusha. Unywele haukuwapo. Hakuna mkono ulioutoa. Ulikuwa umetoweka tu, mbele ya shule nzima.

Watu walipiga makofi. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, aliyekaa chini karibu na ukuta, alimvuta mwenzake na kuuliza kwa sauti, "Mbona ule uzi umepotea?"

"Uzi gani? Hebu nyamaza!"

Chiriku alitazama mstari wa mbele. Mwalimu wake alikuwa amekaa katikati, anatabasamu, macho yamefumbwa.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Alikimbilia kwenye kibanda cha binamu yake, akamkuta ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. "Acha tumbo joto," binamu alisema bila kuinua kichwa. "Waamuzi wameshaiona, wameshapita. Nani ataitazama tena?"

Jibu lilikuja lenyewe, na aliyelileta alikuwa mwalimu. Alimsimamisha Chiriku nje ya darasa, uso wake unang'aa kwa namna ambayo wanafunzi hawakuizoea. "Wameniandikia. Siku ya ufunguzi video zote zitaonyeshwa kwenye skrini kubwa, mbele ya wapiga fidla wa nchi zote. Na chini ya kila video litaandikwa jina la mwalimu aliyeishuhudia." Akacheka kidogo kwa haya. "Miaka yote nafundisha, jina langu halijawahi kwenda mbali hivyo."

Chiriku alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Wapiga fidla wale, wenye macho ya kazi hiyo, wangeuona unywele kabla hata ya muziki kuwaingia masikioni.

Nyumbani, mama alikuwa anashona gauni la safari. Kila Chiriku alipotoka shule, gauni lilikuwa limeongezeka kitu: leo mkono, kesho kola. Aliliogopa kuliko mtihani. Jioni moja mama alimvalisha ili alibane kiunoni, pini kadhaa amezishika kwa midomo.

"Simama wima. Mbona unapungua? Kiuno hiki nilikipima juzi tu." Alimvuta mkono. "We Chiriku!"

"Abee, mama."

"Nasema umekonda. Na huongei. Siku hizi humu ndani nasikia cherehani tu."

"Mama, mtu akitoa ushahidi wa uongo bila kujua, anafanywaje?"

"Haaminiwi tena, basi."

"Hata kama hakujua?"

"Wao watajuaje kwamba hakujua?" Mama alitoa pini mdomoni, akamtazama. "Ni nani huyo?"

Hapo Chiriku akashindwa kujizuia. Alilia mabega yakimtikisika, pini zikamchoma, akalia zaidi. Alisema yote: vidole vilivyoteleza, maneno ya binamu, unywele ukutani. Mama hakumkatiza wala hakumfokea. Alichomoa pini moja baada ya nyingine, akalivua gauni kutoka mwilini mwa mwanawe, akalilaza mezani.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa mwalimu."

"Sasa hivi?"

"Hili halilali humu ndani."

Chumba cha muziki kilikuwa bado na taa, na kwenye benchi la nje walikaa wanafunzi wawili wadogo wakingoja somo lao la jioni, masanduku ya fidla mapajani. Mama alisimama mlangoni. "Ingia. Ulinyamaza peke yako, utasema peke yako."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona machozi?"

"Video ile, mwalimu... si moja. Ni mbili. Tuliziunga."

Mwalimu hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Ilibidi Chiriku arudie. Kisha mwalimu aliwasha kompyuta, akavaa miwani, akaitazama video kwa macho yaliyofumbuliwa, kwa mara ya kwanza. Kilipofika kile kimya alisogeza uso karibu na kioo. Akarudisha nyuma. Akatazama tena.

"Nilitia saini kitu ambacho sikukitazama," mwalimu alisema mwishowe. "Hilo ni kosa langu, nami nitalisema. La kwako utalisema wewe."

Akachukua simu, akawapigia waandaaji wa mashindano. Alizungumza kwa lugha ya kigeni, taratibu, bila kujitetea, na mara mbili alitaja jina lake mwenyewe. Kisha akamkabidhi Chiriku simu. Kwa lugha ileile, kwa maneno machache aliyojifunza shuleni, Chiriku alisema kwamba video ilikuwa imeungwa, kwamba yeye alijua, na kwamba mwalimu wake hakujua. Ng'ambo ya pili sauti ikaomba kuzungumza na mwalimu tena.

Alipokata simu, mwalimu alivua miwani.

"Wamekutoa."

Chiriku aliinamisha kichwa. Hilo alilitegemea. "Na wewe, mwalimu?"

"Mimi hawakunifukuza. Wanasema wangegundua wao, wasingepokea mwanafunzi wangu hata mmoja tena. Kwa kuwa tumesema wenyewe, mlango uko wazi, na mwakani hata wewe unaweza kujaribu. Ila neno langu peke yake halitoshi tena. Kila mwanafunzi wangu akirekodiwa, lazima asimame shahidi wa pili, mtu wa nje."

Kutolewa kulikuwa kumemuuma kama kidonda. Hili la pili lilimwingia ndani zaidi, maana aliyelipa hakuwa yeye.

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekusamehe. Sasa nisikilize, na binamu yako nitamwambia hayahaya. Vidole vyako viliteleza, na hiyo si aibu. Mimi mwenyewe vinateleza kila siku. Ungeniletea ile yenye kosa, tungeituma, na huenda ungeshindwa, tukarudi mazoezini, basi. Lakini mtu akikuamini, amekupa jina lake ulishike, kwa sababu yeye hayupo pale kulilinda. Usilipeleke mahali ambapo yeye mwenyewe asingekwenda. Na ukishalipeleka, usikae kimya ukitumaini hawataona. Kila siku uliyonyamaza ilikuwa inaongeza uzito."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu alisimama, akafungua dirisha, akavuta pumzi. Kisha akaelekeza kidole mlangoni. "Wale wawili nje nao wanajiandaa kwa mashindano. Nao sasa watahitaji shahidi wa pili, na watauliza kwa nini. Mimi sitawajibu."

Chiriku alifuta uso kwa kiganja. Alifungua mlango, akapita mbele ya mama yake, akaketi kwenye benchi katikati ya wale watoto wawili.

"Nina jambo la kuwaambia," alisema.