Chungu cha Chupa Mbili

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaonyanyuka benchi akija kukaa mtu msiyempenda, tulieni kidogo. Habari hii ni fupi, nayo inatuhusu sote.

Mwaka 1997, kiangazi kikianza, Uwimana alikuwa ameketi uani kwake akilainisha shingo ya mtungi kwa gunzi la mahindi. Nyumba yao ilikuwa bondeni, karibu na kinamasi cha udongo, katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Bintiye Niyonkuru, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, alikuwa amejipaka udongo hadi masikioni.

"Nawe umekuwa mtungi?" Uwimana alimtania. "Nikuanike juani?"

Mtoto alicheka, akampaka mama yake puani.

Uwimana na mumewe Nduwayezu walikuwa Batwa, jamii ya wafinyanzi, watoto wa watu waliokimbia Burundi zamani. Magari ya misaada yalipita hapo kila siku kwenda kambini Nyarugusu, wao wakabaki na vumbi. Kijiji kizima kilipikia vyungu vyao na kunywa maji ya mitungi yao. Lakini kuketi nao mkeka mmoja au kunywa nao kikombe kimoja, thubutu! Ukiuliza sababu, utaambiwa ndivyo tulivyokuta. Wewe msomaji ukipata sababu nyingine, niletee.

Mchana huohuo Niyonkuru alianza kuhara. Kulipokucha macho yalikuwa yameingia ndani na kicheko kimekwisha. Uwimana aliingiwa na hofu kubwa, kwa maana mwaka uliotangulia ugonjwa huohuo ulimchukua mwanawe wa kwanza, Claude, akamzika nyuma ya tanuri. Hakungoja kuambiwa. Alimfunga mtoto mgongoni akapanda mlima kwenda zahanati.

Nesi Mwatumu, mwenyeji wa Pangani aliyehamishiwa huku na serikali, alikuwa amekwenda Kasulu kuchukua dawa. Alikuwapo mhudumu wake, Bazilio. Kina mama walikuwa wameketi kwenye benchi wakiwanywesha watoto wao maji ya dawa ya kuhara, jagi moja, kikombe kimoja. Uwimana alijibanza mwisho wa benchi.

"Mama Niyonkuru, usinielewe vibaya," alisema Recho, ambaye majuzi tu alikuwa amenunua mtungi kwake. "Kikombe hiki tunanyweshea watoto wetu."

"Nami nimeleta mtoto," Uwimana alijibu taratibu.

Recho alinyanyuka. Wengine wakamfuata, benchi likabaki na Uwimana peke yake. Bazilio hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwoga wa ugomvi. Alimpa pakiti mbili za dawa mkononi.

"Kamkorogee nyumbani, mama. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa. Umeelewa?"

"Egome," Uwimana aliitikia, yaani ndiyo. Hakuelewa. Lakini macho yote yale yakimtazama, angeulizaje?

Nyumbani walitazamana na mumewe. Hapakuwa na chupa wala kopo la kupimia, na lita hawakuijua.

"Tia maji kidogo tu," alisema Nduwayezu. "Dawa ikiwa kali itamponya upesi."

Wakamimina pakiti nzima katika kikombe cha chai. Niyonkuru alikunywa kwa kiu, akatapika, akahara zaidi ya mwanzo. Kesho yake alilala mapajani mwa mama yake, macho nusu wazi, hata nzi akitua mdomoni hamfukuzi. Ukimfinya ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama.

"Mwana wanje, mwanangu," Uwimana alimwita. "Usinifanye kama kaka yako." Mtoto hakugeuka.

Asubuhi hiyo Mwatumu alirudi, akauliza waliokuja. Bazilio alimweleza.

"Ulimpa cha kupimia?"

Bazilio alitikisa kichwa.

"Basi hukumpa kitu, Bazilio. Umemfukuza tu kwa adabu."

Alichukua pakiti, akachomoa chupa mbili tupu za bia zilizokuwa rafuni, kwa kuwa mbili hizo zilitimia lita kamili, akashuka bondeni. Waliokutana naye njiani waligeuka kumtazama. Mwislamu mwenye ushungi wake, saa tatu asubuhi, bia kushoto, bia kulia!

Alipofika alionja mabaki ya kikombeni, akakunja uso.

"Mdogo wangu, hii chumvi tupu. Si kosa lako. Aliyekupa dawa bila kipimo ndiye mwenye kosa."

Alipima maji yaliyochemshwa na kupoa, chupa moja, chupa ya pili, akakoroga pakiti. Kabla ya kumpa mtoto alionja, akampa na Uwimana kikombe hichohicho.

"Onja nawe. Mkorogaji lazima aonje. Isizidi chumvi ya machozi."

Machozi Uwimana alikuwa nayo ya kutosha kulinganisha. Wakaanza kumnywesha, kijiko baada ya kijiko, akitapika wanangoja, wanaanza tena. Jua lilipokuwa kali Mwatumu aliomba maji ya kunywa.

"Nesi, hatuna glasi," Uwimana aliona haya. "Kuna kata yetu tu."

"Nimeomba maji, dada. Sikuomba glasi."

Alikunywa kata yote, akarudisha, akaomba nyingine. Uwimana aligeukia ukuta akalia. Hakuna mgeni aliyewahi kuomba maji mara mbili nyumbani mwake.

Alasiri, Niyonkuru akiwa amepakatwa na nesi, gauni jeupe lililowa ghafla.

"Amekojoa!" Mwatumu alipiga kelele. "Jamani, mtoto amekojoa!"

Nduwayezu alikimbilia kuomba radhi, akamkuta nesi anacheka. Mkojo ule ulikuwa habari njema. Maji yalikuwa yamerudi mwilini. Niyonkuru alifungua macho, akaishika pua ya mama yake.

"Urakoze, nesi. Asante," Uwimana alisema. "Chupa hizi niachie."

Alifinyanga vyungu vidogo vya kujaa chupa mbili sawasawa. Vya kwanza vilinywea motoni vikapungua kipimo, akavivunja. Vya pili vilitimia. Mwatumu alivipima kimoja kimoja, akavigawa kila nyumba, akamketisha Uwimana kwenye benchi lilelile awaelekeze kina mama kukoroga. Wengine walijifunza. Recho alipokea chungu, lakini alichokoroga Uwimana hakukigusa.

Mvua zilipoanza, Nathaniel wa Recho aliugua. Ilikuwa Jumapili, zahanati imefungwa, na chungu chake Recho alikuwa amehifadhia mbegu kikapasuka. Alishuka bondeni na mtoto mgongoni, akasimama mbali na mlango.

"Hodi, Mama Niyonkuru. Mwanangu anakwisha."

Uwimana alilikumbuka benchi. Alilikumbuka sana, na moyo ulimuuma. Kisha alimtazama mtoto, akatandika mkeka.

"Keti, Mama Nathaniel."

Recho alikaa. Uwimana alitoa pakiti aliyoachiwa na nesi, akapima maji, akamimina, akakoroga. Kikombe kikiwa mkononi alisita, akamtazama mgeni wake. Mkorogaji lazima aonje, nacho kikombe kilikuwa kimoja.

Recho alielewa. Machozi yakamtoka.

"Onja, dada yangu," alisema. "Onja, unipe."

Uwimana alionja. Recho akakipokea, akanywa palepale alipogusa mwenzake, ndipo akamnywesha mtoto. Nathaniel alipona. Tangu siku hiyo akawa anacheza udongo na Niyonkuru, na wote wawili wakirudi nyumbani wachafu.

MAFUNZO

Mtoto wa Uwimana hakukosa dawa, dawa ilikuwapo. Alikosa nafasi kwenye benchi na mtu wa kumweleza bila kumdharau, na kidogo hilo limwue. Enyi wahudumu wa afya, kumpa mtu pakiti na kumgeuzia mgongo si kumtibu. Mfuateni aliye bondeni, mumwulize ana nini nyumbani cha kupimia. Nasi wanakijiji tuache kubaguana mbele ya ugonjwa, maana kesho tutabisha hodi kwa yuleyule tuliyemkimbia.

Na wewe unayeona kinyaa bado, nenda leo ukautazame mtungi unaokata kiu yako, ukumbuke mikono iliyoufinyanga.